Hukumu za Wasikilizaji juu ya Santuri za Siti binti Saad

Waandishi waliotangulia wametuhifadhia, kwa juhudi inayostahili shukrani, majina ya waimbaji wa pwani, nasaba zao, miji waliyokaa na nyimbo zilizowapatia sifa. Lakini wale waliokuwa wakiwasikiliza, waliotikisa vichwa kwa ridhaa au walionyanyuka mkekani kwa ghadhabu, wamepata nafasi ndogo sana katika maandishi hayo, kana kwamba wimbo hukamilika pindi utokapo kinywani wala haumhitaji mtu wa kuupokea. Kwa waimbaji wengi upungufu huo unasameheka. Kwa Siti binti Saad hausameheki, maadamu maisha yake yote ya uimbaji, tangu alipoingia mjini Unguja mpaka santuri zake zilipokusanywa na kutolewa upya kwa watu ambao hawakupata kumwona, yalikuwa maisha ya kuhukumiwa: mara kwa asili yake, mara kwa lugha yake, mara kwa maneno yake, na mara chache, chache kuliko inavyodhaniwa, kwa sauti yake yenyewe.

Ili hukumu hizo zifahamike, yafaa kwanza ijulikane taarab ilikuwa mali ya nani kabla yake. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, ndiye anayetajwa kuwa alileta wapigaji wa Kimisri katika jumba lake, akampeleka na Muhammad bin Ibrahim mjini Cairo ajifunze kupiga kanuni. Na mwaka 1905 vijana wa mjini walioipenda fani hiyo wakaunda chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kingali hai. Nyimbo zao zilikuwa za Kiarabu. Wengi wa waliozisikiliza hawakufahamu maana yake, wala kutofahamu huko hakukuwa aibu, kwa kuwa Kiarabu kilikuwa lugha ya dini na ya dola, na mtu alikaa mbele ya waimbaji kwa adabu ile ile aliyokaa nayo mbele ya wakubwa, akayapokea mahadhi na kuyaacha maneno yampite. Hukumu katika baraza za namna hiyo ilikuwa haki ya wachache walioalikwa. Aliyekuwa nje ya nyumba za mawe hakuulizwa kitu.

Siti alizaliwa nje kabisa ya nyumba hizo, katika kijiji cha Fumba, karibu na mwaka 1880, kwa wazazi wa tabaka la watumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Kazi yake ilikuwa kufinyanga vyungu na kuvichukua mjini kuviuza, na yasemekana kwamba sauti yake ilijulikana kwanza njiani, akinadi bidhaa yake. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, walakini kufutwa kwa hali katika daftari ya serikali hakukuzizuia ndimi za watu kumkumbusha mtu alikotoka. Alipohamia mjini mwaka 1911, mwaka ule ule Sayyid Khalifa bin Harub alipokalia kiti cha usultani, makazi yake yakawa Ng'ambo, mtaa wa mahamali, mafundi, wachuuzi, waliopata uhuru karibuni na wageni wa kutoka bara. Huko alikutana na Ali Muhsin, mmoja wa wanachama wa Ikhwani Safaa, ambaye aliona kipaji chake akamfunza kanuni za uimbaji. Naye Siti, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, aliyaweka mashairi moyoni, ya Kiarabu na ya Kiswahili kadhalika.

Hukumu za kwanza juu yake hazikuwa za heshima. Mahasidi walimtungia wimbo wa tashtiti wa kumkumbusha kwamba ametoka shamba, kwamba aliingia mjini amevaa kaniki, nguo iliyojulikana na kila mtu kuwa vazi la wanyonge, na kwamba lau si sauti asingalikuwa na cha kula. Wimbo huo ulienea, na mpaka leo wazee wa Unguja waujua. Tuangalie jambo moja ndani yake: hata katika kumdhalilisha, watunzi wake walilazimika kukiri kwamba sauti ipo, wakaigeuza kuwa kisa cha kumtukana mwenye nayo. Siti hakunyamaza, wala hakurudisha tusi kwa tusi. Alijibu kwa wimbo wa kuwaambia kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa jadi si hoja, na kwamba hasara ya kweli ya binadamu ni kukosa akili. Jibu hilo limeishi kuliko tuhuma, na ndilo lililomfanya msikilizaji wa Ng'ambo, ambaye naye alikuwa amekumbushwa asili yake mara nyingi bila ya kuwa na la kujibu, amwone kuwa mwimbaji wake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka 1928, Kampuni ya Gramophone ya Uingereza, yenye chapa ya mbwa aliyeinamia bomba la santuri, ilipomchukua Siti na wenzake kwa meli hadi Bombay ili sauti zao zitiwe katika sahani. Santuri hazikuwa ngeni Unguja. Maduka ya Wahindi yaliuza mashine za kuzipiga pamoja na sahani za Misri, za India na za Ulaya, na mtu mwenye uwezo aliweza kumsikia mwimbaji wa Cairo akiwa barazani kwake; lakini sahani za Kiswahili, zenye maneno ya mji na mambo ya mji, zilikuwa adimu mno. Wafanya biashara waliona pengo hilo, na kwa kuwa tawi la kampuni lenye vyombo vya kazi lilikuwa India, ikawa kwamba nyimbo zilizotungwa Ng'ambo zilivuka Bahari ya Hindi na kurudi zikiwa bidhaa. Pamoja na Siti walikwenda Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruk Effandi Talsam na Maalim Shaaban, watu ambao nitawarudia, kwa kuwa nadhani wamedhulumiwa.

Sharti tueleze kidogo namna kazi hiyo ilivyofanywa, kwani hukumu nyingi za leo hutokana na kutoijua. Tangu 1925 makampuni makubwa yalianza kuacha lile bomba la zamani lililoikusanya sauti kwa nguvu ya pumzi tu, yakatumia maikrofoni na nguvu ya umeme, na kwa hiyo sauti za 1928 zilitiwa kwa uwazi ambao waimbaji wa miaka kumi nyuma hawakuupata. Hata hivyo sahani yenyewe, iliyofanywa kwa shelaki, gundi itokanayo na vidudu vya miti ya India, ikachanganywa na vumbi la mawe, ilizunguka mara 78 kwa dakika moja, na upande wake mmoja haukuchukua zaidi ya dakika tatu na kidogo. Mwimbaji aliyezoea kukesha na hadhira yake hadi alfajiri, akirudia ubeti kwa kuombwa, akaupisha udi na fidla zitangulie kwa kitambo kirefu kabla ya neno la kwanza, akirefusha mwisho wa mshororo kwa kadiri anavyoona nyuso zinavyochangamka, aliambiwa sasa aanze mara moja na amalize kabla sindano haijafika katikati. Ilibidi beti zipunguzwe, vitangulizi vikatwe, na wimbo mrefu ugawanywe pande mbili, msikilizaji ageuze sahani ili asikie kisa kilikoishia. Anayelalamika leo kwamba nyimbo hizo ni fupi na kwamba zinakatika ghafula, hukumu yake ni ya haki; ila mhukumiwa si Siti.

Santuri ziliporudi Unguja, kilichobadilika zaidi ya vyote ni idadi na aina ya mahakimu. Zamani ilimpasa mtu aalikwe arusini au katika karamu ya tajiri, au asimame nje dirishani kwa kuibia, ndipo amsikie Siti. Sasa mwenye mkahawa alinunua mashine moja na sahani chache, akazipiga jioni, na kila aliyenunua kikombe cha kahawa, na wengi ambao hawakununua, wakapata haki ya kusikia na kwa hiyo haki ya kusema. Hamali alisikia sawa na karani. Mwanamke aliyekaa ndani alisikia kutoka nyumba ya jirani. Sahani zilifika Mombasa, Dar es Salaam, Tanga, Lamu na miji ya bara iliyokuwa na maduka, zikasikilizwa na watu waliokuwa hawajapata kukanyaga Unguja. Jambo lililokuwa halijapata kutokea nalo lilikuwa hili: wimbo uliweza kurudishwa nyuma. Watu wawili waliogombana juu ya neno alilolisema Siti waliweza kuuweka tena upande ule ule, wakasikiliza, wakakatiana shauri. Naamini kwamba uhakiki wa nyimbo za Kiswahili mbele ya watu wote, si katika vyumba vya wachache, ulipata nguvu yake hapo, miaka mingi kabla ya nyimbo hizo kusomwa katika vyuo.

Maneno ndiyo yaliyohukumiwa. Hilo hudhihirika kwa wimbo wa Kijiti, ambao pengine ndio uliojadiliwa kuliko wote. Kisa chake ni cha kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, tena mjamzito, aliyekuja Unguja kwa matembezi, alitoka na wenziwe usiku wakaandamana na mtu aliyeitwa Kijiti, naye Kijiti akamuua. Muuaji alikimbilia bara. Na kwa kuwa hakupatikana, uzito wa sheria ukawaangukia wanawake waliokuwa katika safari ile. Siti aliimba kisa hicho chote, pamoja na hakimu, mashahidi na hukumu yenyewe, kwa utulivu unaomfanya msikilizaji amwone marehemu, akaacha swali kubwa mbele ya kila mtu: sheria hii ni ya nani? Hapa hapakuwa na nafasi ya kuyapokea mahadhi na kuyaacha maneno. Waliosikiliza waliwajua waliotajwa, au waliwajua wanaowajua, na baraza la kahawa likawa mahali pa kusikiliza upya kesi iliyokwisha kukatwa mahakamani. Tusisahau kwamba mwaka 1928 wenyewe wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja, wakiwapinga wenye ardhi na serikali iliyowaunga mkono. Watu wa namna hiyo hawakuhitaji kufundishwa maana ya wimbo unaoilaumu mahakama.

Wala si kweli kwamba wote walimpenda. Walikuwako waungwana walioona kwamba kuitia taarab katika Kiswahili cha mitaani ni kuiteremsha hadhi, na kwamba mwenye kutaka uimbaji wa haki angojee sahani za Misri, ambako Umm Kulthum alikuwa ameanza kusikika. Walikuwako pia walioona vibaya kwamba mwanamke aimbe mbele ya wanaume wasio maharimu zake, ingawa Siti alijisitiri kwa heshima alipoimba. Fikra ya kwanza yatokana na mazoea ya kukitukuza kisichofahamika, nami siioni kuwa na nguvu, kwa sababu hao hao walioidharau lugha ya nyimbo zake walimwalika awaimbie katika karamu zao, na sauti yake ilifika hata mbele ya Sayyid Khalifa. Fikra ya pili ilitoka katika imani ya watu na ilistahili kujibiwa kwa adabu. Siti aliijibu kwa mwenendo wake, na hata waliompinga hawakuweza kumzulia la kumvunjia heshima.

Kampuni nayo ilikuwa na hukumu yake, nayo iliandikwa katika vitabu vya hesabu. Hadi 1931 sahani zilizotokana na safari za Siti na wenzake zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 70,000, kiasi kikubwa mno kwa nchi ambazo watu wengi hawakuwa na mashine za kuzipigia, na ambamo sahani moja ilisikilizwa na mtaa mzima. Makampuni mengine, Odeon na Columbia yakiwemo, yaliona faida hiyo yakaharakisha kuja kutafuta waimbaji wa pwani. Kisha bei ya karafuu ikaanguka pamoja na biashara ya dunia, mauzo yakapungua upesi, na ile hamasa ya makampuni ikapoa. Mtu asidhani kwamba kupungua huko kulikuwa hukumu ya wasikilizaji: aliyekosa fedha ya kununua sahani mpya aliendelea kuipiga ya zamani mpaka mifereji yake ikalika, na hiyo ndiyo sababu sahani nyingi za Siti zilizotufikia zimechakaa kuliko za waimbaji waliopendwa kidogo.

Siti alifariki Julai 1950. Marehemu Sheikh Shaaban Robert alimwandikia wasifu, miongoni mwa wasifu za kwanza za Kiswahili kuandikwa juu ya mwanamke wa Afrika Mashariki, na kitabu hicho ndicho hukumu ya msikilizaji iliyokamilika kuliko nyingine tulizo nazo. Shaaban Robert hakuwa mtu wa Unguja, alikuwa mwana wa Tanga. Alimpima Siti kwa kipimo alichokipenda, cha tabia na akili pamoja na kazi, akamwonyesha kwa vijana, khasa wasichana, kuwa mtu aliyetoka katika dhiki akajipatia heshima kwa jitihada yake. Kuna wanaosema kwamba alimpamba mno. Nami nasema kwamba alimtendea kile ambacho wakuu wa wakati wake walitendewa kila siku bila ya mtu kushangaa, na kwamba bila ya kitabu hicho tungekuwa na sauti isiyo na mtu.

Katika miaka iliyofuata waliomhukumu vizuri zaidi ni wanawake, na hukumu yao haikuwa ya maneno matupu. Vikundi vya taarab vya wanawake, kama Sahib el Ari na Nuru l-Uyun, vilifuata njia aliyoifungua, ya kuimba kwa Kiswahili juu ya mambo ya mtaa. Fatuma binti Baraka, anayejulikana na wote kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliziimba nyimbo za Siti kwa muda wa maisha yake yote, Kijiti ukiwemo, kwa sauti nzito na kavu isiyofanana kabisa na ile iliyomo katika santuri. Na aliyewahi kumsikia alifahamu kwamba wimbo ule ungali na hasira yake. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilipoanzisha jarida lake katika miaka ya 1980, kililiita Sauti ya Siti. Wanahabari wale walikuwa na majina mengi ya kuchagua, wakachagua la mwimbaji, kwa kuwa waliona katika kazi yake kazi yao wenyewe.

Sasa tufike kwenye mikusanyiko. Sahani za zamani za pwani zilizosalia zimetapakaa: nyingine zimo katika hazina ya EMI huko Hayes, nyingine katika Maktaba ya Uingereza, nyingine katika makabati ya nyumba za Unguja na Mombasa, zikiwa zimefungwa kwa vitambaa. Tangu mwanzo wa karne hii wachapishaji wa Ulaya wameanza kuzikusanya na kuzitoa upya; mwaka 2007, kwa mfano, kampuni ya Topic ya London ilitoa mkusanyiko wa muziki wa Kiswahili wa Tanzania na Kenya wa miaka ya 1920 hadi 1950, kutoka katika hazina ya Maktaba ya Uingereza. Kazi hizi ni za kusifiwa. Bila ya hizo vijana wengi wasingalipata kuisikia hata sekunde moja ya zama zile.

Lakini zimezaa wasikilizaji wa namna mpya na hukumu za namna mpya. Yuko anayezipenda kwa ukale wake tu, anayefurahia ule mchakacho wa sindano kama mtu afurahiavyo kutu katika jambia la babu yake, na ambaye angalifurahi vivyo hivyo kama mwimbaji angalikuwa akisoma orodha ya bei za mchele. Yuko kijana aliyekua na taarab ya kinanda cha umeme, ambaye huiona sauti ile ni kali, ni ya puani, na ala zake ni chache. Naye hasemi uongo, maana sikio lake limefunzwa na vyombo vingine. Yuko mwenye kumlinganisha Siti na Umm Kulthum, akamsifu au akampunguza kwa kipimo hicho, ilhali mmoja aliimba juu ya jukwaa la Cairo na kikundi kikubwa cha wapigaji, na mwingine aliimba habari za jirani zake kwa udi, fidla na rika. Hukumu zote hizi tatu zina sababu zake. Kinachonisikitisha ni kwamba zote zaweza kutolewa na mtu asiyefahamu neno moja la Kiswahili, na hivyo zinamrudisha Siti mahali pale pale alipoikuta taarab: mahadhi yapokewe, maneno yapite.

Msikilizaji wa Ng'ambo wa 1928 alikuwa na mashine duni kuliko zetu, na huenda sahani yake ilikuwa imekwisha chakaa kabla ya kumfikia, lakini alisikia zaidi kuliko sisi, kwa sababu alijua Kijiti ni nani, kaniki ni vazi la nani, na kiwanja alichojenga ni cha nani. Elimu hiyo haikupotea yote. Wako wazee Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu wanaokumbuka beti ambazo hazikutosha katika zile dakika tatu, na wanaoweza kusema beti fulani zilitungwa kwa kisa gani. Kwa hiyo mkusanyiko unaotolewa na maelezo ya Kiingereza au Kifaransa tu, bila ya mashairi yenyewe kuandikwa kwa Kiswahili na kufafanuliwa na watu hao, ni kazi iliyoachwa nusu. Na wenye vyombo vya utangazaji na vyuo vyetu hawana udhuru wa kuwangojea wageni waimalize.

Na ikiwa kazi hiyo itafanywa, wasisahauliwe wale wanne. Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban walisafiri naye, walipiga naye, na miongoni mwao wako walioimba kwa sauti zao wenyewe katika sahani zilizobeba majina yao. Lakini mazoea yamewafunika chini ya jina la Siti hata mtu hudhani kwamba udi ulijipiga. Mkusanyiko wowote utakaotolewa baada ya sasa uwataje mmoja mmoja, na aliyeimba peke yake apewe upande wake.